Waigizaji Wawili na Jukwaa Tupu: Historia ya Uchaguzi wa Tamthilia Ndogo katika Sanaa za Maonyesho za Jamii Nchini Afrika Kusini, 1963–1981

Ikisiri

Makala hii inachunguza sababu za kihistoria zilizowafanya wasanii wa vitongoji vya Waafrika nchini Afrika Kusini kuchagua tamthilia zenye waigizaji wachache na jukwaa lisilo na mapambo. Maelezo yaliyozoeleka huuhusisha uchaguzi huo na uhaba wa fedha. Kwa kufuatilia safari ya kundi la Serpent Players la New Brighton, makala inadai kwamba udogo wa tamthilia hizo ulianza na kupungua kwa watu kulikosababishwa na vifungo, ukageuzwa kuwa mbinu ya kisanaa na ya kujikinga, na hatimaye ukadai gharama yake: wepesi ulioiwezesha tamthilia kuwakwepa wakandamizaji ndio uleule ulioichukua kutoka mikononi mwa jamii iliyoizaa. Kazi za Gibson Kente na za kituo cha Kamĩrĩĩthũ nchini Kenya zinatumiwa kama mizani ya hoja hiyo.

1.0 Utangulizi

Kundi la maonyesho la jamii linapokaa kuchagua tamthilia, swali la kwanza huwa la hesabu. Tuna watu wangapi watakaofika mazoezini? Tuna nini cha kuweka jukwaani? Ukumbi tutaupata wapi, na tukiukosa tutaigizia wapi? Mara nyingi hesabu hiyo huishia kwenye tamthilia ya watu wawili, watatu au wanne, yenye meza moja na viti, isiyohitaji mandhari ya kupaka rangi wala gari la kubebea vifaa. Wahakiki hulitaja jambo hili kwa kifupi na kulipita, kana kwamba idadi ya waigizaji ni suala la mhasibu na maudhui pekee ndiyo ya mtafiti.

Makala hii inashika msimamo tofauti. Idadi ya watu waliopo jukwaani ni ushahidi wa kihistoria. Inaeleza nani alikuwa huru kuja mazoezini, nani alikuwa kazini, nani alikuwa gerezani, na nani aliogopa jina lake lisomwe katika karatasi ya matangazo. Afrika Kusini ya miaka ya 1960 na 1970 inaufaa uchunguzi wa namna hii kwa sababu mazingira ya utunzi wa tamthilia zake mbili mashuhuri za waigizaji wawili, Sizwe Bansi is Dead na The Island, yanajulikana vizuri, na kwa sababu katika kipindi hichohicho vitongoji hivyo vilikuwa na aina nyingine ya maonyesho, yenye watu wengi, iliyopendwa sana. Kwa hiyo tamthilia ndogo haikuwa njia pekee iliyokuwepo. Ilichaguliwa, na kilichochaguliwa kina sababu zinazoweza kuchunguzwa.

2.0 Kundi linalopungua: New Brighton, 1963–1967

Kundi la Serpent Players lilianzishwa mwaka 1963 na wakazi wa New Brighton, kitongoji cha Waafrika nje ya Port Elizabeth. Walimwendea mtunzi Athol Fugard, Mzungu aliyekuwa akiishi mjini humo, wakamwomba afanye nao kazi. Jina la kundi linatokana na mahali pa onyesho lao la mwanzo, banda la nyoka lililokuwa limeachwa. Wanachama walikuwa watu wa kazi za mchana. Mazoezi yalifanyika jioni na mwisho wa juma, watu wakiwa wamechoka.

Ni muhimu kuona walichokichagua mwanzoni. Hawakuanza na tamthilia ndogo. Walianza na utohozi wa ramsa ya Machiavelli, wakaendelea na kazi ya Büchner, kisha Brecht, kisha Antigone ya Sophocles mwaka 1965. Hizo ni tamthilia zenye wahusika wengi, na baadhi zinahitaji kiitikio. Uchaguzi huo unaonyesha kundi lililojiona kuwa na haki ya kuigiza kazi yoyote ya dunia, na lililotarajia kuwa na watu wa kutosha.

Matarajio hayo yalivunjwa na polisi. Mashariki ya Mkoa wa Cape ilikuwa ngome ya vyama vilivyopigwa marufuku mwaka 1960, na kesi za kisiasa ziliwakumba wanachama wa kundi mmoja baada ya mwingine. Wakati wa mazoezi ya Antigone, mwigizaji mmoja alikamatwa na kupelekwa Robben Island. Mazoezi yaliendelea bila yeye, lakini kila nafasi iliyokuwa na mtu ilianza kuwa nafasi ya kuzibwa. Mwaka huohuo serikali ilitoa amri iliyozuia waigizaji na hadhira wa rangi tofauti kuchangamana, hivyo hata Fugard alihitaji kibali kuingia kitongojini kuona kazi aliyoiongoza.

Katika mazingira haya ndipo ilipozaliwa The Coat mwaka 1966. Chanzo chake ni tukio la mahakamani. Mke wa mwanachama mmoja alikwenda kufuatilia kesi ya mumewe katika mji wa Cradock. Huko alikutana na mfungwa mzee aliyekwisha kuhukumiwa, ambaye alimtambua kuwa ni mtu wa New Brighton. Mzee akavua koti lake, akampa, akamwomba amfikishie mkewe ili alitumie. Hakuwa na kitu kingine cha kupeleka nyumbani.

Kundi halikuandika kisa hiki kama tamthilia ya kawaida. Waigizaji wachache waliokuwepo walikaa jukwaani na kuulizana mbele ya hadhira: mke alilipokea koti vipi? Akidaiwa kodi ya nyumba, ataliuza? Walijaribu jibu moja, wakaliacha, wakajaribu jingine. Jukwaani palikuwa na koti. Waigizaji hawakujitambulisha kwa majina yao halisi. Walitumia majina ya wahusika waliowahi kuwaigiza katika kazi zilizopita.

Vipengele vyote vya tamthilia ndogo vimekwisha kuonekana hapa: watu wachache, kifaa kimoja chenye uzito wa maana, hadithi isiyo na hati iliyofungwa, na usiri kuhusu nani ni nani. Hakuna hata kimoja kinachoelezeka vya kutosha kwa ukosefu wa fedha. Kundi lilikuwa maskini mwaka 1963 pia, na lilichagua Machiavelli. Kilichobadilika kati ya 1963 na 1966 ni idadi ya watu waliokuwa wamechukuliwa.

3.0 Udogo unageuzwa kuwa mbinu: 1972–1973

John Kani na Winston Ntshona walijiunga na kundi katika miaka hiyo ya 1960. Mwaka 1972 waliamua kufanya uigizaji kuwa kazi yao ya kudumu, uamuzi ambao sheria haikuwa na mahali pa kuuweka. Mwafrika mjini alitakiwa kuwa na mwajiri anayetambulika, na uigizaji haukuwa ajira inayotambulika. Kwa hiyo katika hati zao waliandikishwa kuwa watumishi wa nyumbani kwa Fugard. Hata kabla ya kupanda jukwaani, walikuwa wakiigiza mbele ya dola.

Hati hizo ndizo kiini cha Sizwe Bansi is Dead, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwezi Oktoba 1972 katika ukumbi wa The Space, Cape Town. Msomaji wa Kiswahili ana neno tayari kwa kitu hicho: kipande. Wazee wa Kenya walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma enzi za ukoloni. Nchini Afrika Kusini, sheria ya mwaka 1952 iliviunganisha vibali mbalimbali kuwa kitabu kimoja ambacho Mwafrika mtu mzima alipaswa kuwa nacho kila alipokwenda, na utaratibu huo haukufutwa hadi 1986. Sizwe ametoka King William's Town kutafuta kazi, kitabu chake kina muhuri unaomwamuru kuondoka Port Elizabeth, na usiku mmoja yeye na rafiki yake Buntu wanakuta maiti yenye kitabu kizuri. Je, achukue jina la marehemu na kuliua lake?

Vifaa vya jukwaani ni meza, kiti, kamera juu ya miguu mitatu, kibao cha jina la studio na picha chache za kubandika. Kani anaanza kama mpiga picha Styles, akisoma gazeti na kusimulia jinsi kiwanda cha Ford kilivyofagiliwa na kupakwa rangi kwa ajili ya mgeni mkubwa kutoka Marekani. Anawaigiza msimamizi Mzungu, wafanyakazi na yeye mwenyewe akitafsiri kati yao. Kani mwenyewe aliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha Ford. Baadaye mwigizaji huyohuyo anakuwa Buntu. Kwa hiyo jukwaa la watu wawili linabeba kiwanda, familia za wateja, ofisi ya vibali na mtaa mzima.

Hapa udogo umekwisha kuwa mbinu, na inafaa kutenganisha kazi zake tatu. Ya kwanza ni kujikinga. Kwa kuwa igizo lilijengwa kwa majaribio ya papo kwa papo mazoezini, halikuhitaji kuanza na hati inayoweza kushikwa. Tahadhari hiyo haikuwa woga wa bure: mwaka 1975 tamthilia Shanti ya Mthuli Shezi, aliyekuwa amekwisha kufariki, ilitumiwa na serikali katika mashtaka dhidi ya wanaharakati. Ya pili ni kuhama. Watu wawili na kamera wanaingia katika ukumbi wa kanisa jioni moja na kuondoka usiku huohuo.

Ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi kwa mtafiti wa sanaa za jamii: jukwaa lisilojazwa linaacha nafasi kwa hadhira. Fugard alisimulia kwamba igizo lilipopelekwa New Brighton, hadhira haikusubiri mwisho. Ilipofika sehemu ya kubadilishana vitabu, watu walianza kubishana kwa sauti kama Sizwe afanye hivyo au asifanye; igizo likasimama, mjadala ukaendelea, kisha waigizaji wakaendelea pale walipoachia. Watu hao hawakuwa wakijadili fasihi. Kila mmoja alikuwa na kitabu mfukoni.

The Island, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwezi Julai 1973 katika ukumbi uleule, inafunga duara lililoanza 1965. Mwanachama aliyefungwa Robben Island hakuisahau Antigone aliyonyimwa. Huko gerezani alishiriki kuiigiza kwa ufupi, watu wawili tu, mbele ya wafungwa wenzake. Katika The Island, John na Winston wanaanza kwa kusomba mchanga usiokuwepo, kimya, kwa muda mrefu, kwa miili mitupu. Kisha, kwa mablanketi, ndoo na vikombe vya selo, wanajitayarisha kuigiza kesi ya Antigone katika tamasha la wafungwa. Tamthilia ya watu wengi iliyoanzwa na kundi zima inarudi ikiwa ya watu wawili, kwa sababu gereza ndilo lililofanya kazi ya kuipunguza. Kwa mtazamo wa makala hii, huo ndio ushahidi wenye nguvu kuliko wote: kupungua kwa wahusika kumekuwa maudhui ya igizo lenyewe.

4.0 Pingamizi: hadhira ya Gibson Kente

Hoja iliyojengwa hadi sasa inaweza kumfanya msomaji aamini kwamba tamthilia ndogo ndiyo sauti ya asili ya vitongoji. Gibson Kente anaikanusha dhana hiyo. Tangu miaka ya 1960, katika kazi kama Manana, the Jazz Prophet na Sikalo, Kente aliendesha maonyesho ya nyimbo na ngoma yenye kundi kubwa la waigizaji na wanamuziki, yakizunguka kumbi za vitongoji nchi nzima na kujiendesha kwa viingilio. Watu walilipa senti zao kuona jukwaa lililojaa: kanisa, baa, msiba, polisi, mama mwenye huzuni na kijana aliyepotoka. Katikati ya miaka ya 1970 kazi zake, kama How Long na Too Late, ziliingia siasani waziwazi, na mwaka 1976 alikamatwa alipokuwa akitengeneza filamu ya How Long.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, uhaba wa fedha haukuilazimisha jamii kuchagua jukwaa tupu. Kente alionyesha kwamba jamii maskini inaweza kugharimia jukwaa lililojaa ikilipenda. Pili, jukwaa lililojaa lilikuwa pia chuo. Waigizaji wengi walijifunza sanaa yao katika makundi ya Kente, jambo ambalo tamthilia ya watu wawili haiwezi kulifanya, kwa kuwa haina nafasi ya mwanafunzi.

Ushahidi wa jambo hili ni Woza Albert! ya mwaka 1981. Percy Mtwa na Mbongeni Ngema walikutana wakiwa waigizaji wa Kente. Walitoka humo na wazo la watu wawili wanaouliza: Kristo akija Afrika Kusini leo, atapokewaje? Wakalikamilisha pamoja na Barney Simon wa Market Theatre, Johannesburg. Wanaigiza umati wa wahusika; mpira mdogo wa pinki uliokatwa nusu na kuvaliwa puani unatosha kumfanya mtu Mzungu. Nguvu za miili yao, uimbaji na kasi ya kubadilika ni mavuno ya shule ya Kente. Igizo linamalizika makaburini, kwa wito wa kumfufua Albert Luthuli na mashujaa wengine waliokufa. Kwa mara nyingine, watu wawili wanasimama mahali patupu na kuwaita wasiokuwepo. Lakini bila kundi kubwa lililowatangulia, wawili hao wasingekuwa na ujuzi wa kuwaita.

5.0 Gharama ya wepesi

Kilicho chepesi kuhama huhama. Sizwe Bansi is Dead ilifika ukumbi wa Royal Court, London, mwaka 1973, na mwaka uliofuata igizo hilo na The Island yakafika Broadway. Mwaka 1975 Kani na Ntshona walipewa kwa pamoja tuzo ya Tony ya mwigizaji bora. Maandishi yalichapishwa mwaka 1974, yakiwataja wote watatu kuwa watunzi, ingawa katika mazungumzo ya kila siku ya wahakiki tamthilia hizo zimeendelea kuitwa za Fugard. Hili halipaswi kulaumiwa kijuujuu. Sifa ya nje iliwalinda: walipokamatwa Transkei mwaka 1976 baada ya kuigiza Sizwe Bansi is Dead, malalamiko ya wanasanaa wa nchi nyingine yalisaidia kuwafanya waachiliwe.

Hata hivyo gharama inabaki. Hadhira ya London ilikaa kimya na kupiga makofi mwishoni. Hakuna aliyesimama kubishana kuhusu kitabu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa nacho. Pengo lililoachwa kwa ajili ya watu wa New Brighton lilijazwa na huruma ya wageni. Igizo ni lilelile, lakini limehama kutoka sanaa ya jamii na kuwa ushuhuda kuhusu jamii.

Aidha, watu wawili ni rahisi kukamatwa. Ulinzi wa jukwaa jepesi ni ulinzi wa vifaa na wa hati. Si ulinzi wa mtu. Palipokuwa na wengi, aliyechukuliwa aliweza kuzibiwa nafasi, kama ilivyokuwa kwa Antigone. Palipobaki wawili, kuchukuliwa kwa mmoja ni mwisho wa onyesho.

6.0 Mlinganisho: Kamĩrĩĩthũ, 1977–1982

Uchaguzi wa kinyume ulifanyika Kenya katika muongo huohuo. Huko Limuru, wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ walijenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao na mwaka 1977 wakaigiza Ngaahika Ndeenda, iliyoandikwa kwa Kikuyu na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na kurekebishwa na wanakijiji mazoezini. Hapakuwa na haja ya kuacha nafasi kwa hadhira, kwa sababu hadhira na waigizaji walikuwa watu walewale. Kibali kilifutwa baada ya majuma machache, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwishoni mwa mwaka, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa.

Ukilinganisha, kila uchaguzi una mahali pake dhaifu. Tamthilia kubwa ya Kamĩrĩĩthũ ilimpa kila mtu sehemu ya umiliki, lakini ilikuwa na jengo, kibali na umati. Dola ilijua pa kupiga. Tamthilia ndogo ya New Brighton haikuwa na cha kubomolewa, lakini umiliki wake ulikuwa wa watu watatu, na hatima yake ikawafuata wao. Moja ilibomolewa pale ilipojengwa; nyingine ilisalimika kwa kuondoka.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba waigizaji wachache na jukwaa tupu, katika historia iliyochunguzwa, si dalili ya umaskini pekee wala si mtindo ulioigwa. Ni matokeo ya watu kuondolewa, yaliyogeuzwa na waliobaki kuwa namna ya kuwataja walioondolewa. Koti la mfungwa, kitabu cha marehemu, mchanga usioonekana na makaburi ya mashujaa ni vitu vya jukwaa vinavyofanya kazi moja: vinashika nafasi ya mtu.

Matokeo haya yana maana kwa utafiti wa sanaa za maonyesho za jamii na kwa makundi yenyewe. Mtafiti anayeorodhesha wahusika wa tamthilia anapaswa kuuliza pia orodha hiyo ingekuwa na nani kama watu wote wangekuwa huru kufika. Kundi linalochagua tamthilia ndogo kwa sababu ni rahisi linapaswa kutambua kwamba urahisi huo una pande mbili. Nafasi iliyoachwa wazi jukwaani ni mali ya jamii pale tu jamii inapokuwepo kuijaza. Ikiachwa bila mwenyewe, mgeni wa kwanza kufika ataikalia, na ataikalia kwa nia njema.

Kwa hiyo udogo wa tamthilia hauwezi kuhukumiwa kwa kuhesabu viti na maleba. Kipimo chake ni kile kilichotokea usiku ule New Brighton, watu walipolisimamisha igizo ili waliamue wenyewe, na waigizaji wawili wakanyamaza na kuwasikiliza.